Bima ya maisha inayopanda na bei za sokoni, nikubali au niache?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni msomaji wako wa Makorora hapa hapa Tanga, nina miaka 34, mke na watoto wawili, mdogo ndo kwanza kaanza chekechea. Kazi yangu kibarua bandarini, meli zikiwepo hela ipo, zikikosekana tunakula dagaa tunashukuru. Kuna ajenti wa bima kanifata mara ya tatu sasa, anataka nikate bima ya maisha ya milioni 20 kwa miaka 20, ada elfu 40 kwa mwezi. Anasema zipo aina mbili, moja kinga, yaani hela watakayolipwa nyumbani nikifa, inabaki milioni 20 mpaka mwisho na ada haiongezeki, nyingine inapanda kila mwaka kufata mfumuko wa bei. Karatasi yake inasema kinga itapanda kwa asilimia ya mfumuko, mwisho 10, ila ada inapanda mara moja na nusu ya hapo. Mwaka wa kwanza zote elfu 40. Nimekwama hapo, mbona ada inakimbia kuliko kinga, si naibiwa hivi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huibiwi, ila umefanya la maana kuuliza mapema, mana wengi huniandikia saini ishakauka.

Tuanze na hiyo isiyopanda. Baba yangu mdogo alikata bima mwaka 1999, milioni moja, na pale nyumbani tulimuona tajiri kweli, enzi hizo kwa hela ile ungepata kiwanja Pongwe ukabaki na ya matofali. Kafariki 2018, kampuni ikalipa bila longolongo, milioni moja ileile haikupungua hata senti, ikaishia kwenye mabati ya jikoni na shughuli ya arobaini. Hakuna aliyemdhulumu mtu, shilingi yenyewe ndo ilikuwa waja leo waondoka leo.

Sasa hesabu yako. Tuseme mfumuko uende asilimia 4 kila mwaka. Milioni 20 yako baada ya miaka 20 italipwa milioni 20, ila sokoni Mgandini itanunua vitu vya kama milioni 9 ya leo. Lakini usisahau na ada nayo imelala palepale, elfu 40 ya wakati huo itakuwa sawa na elfu 18 na kidogo ya leo, kwaiyo kinga inasinyaa na mzigo nao unasinyaa. Hilo maajenti hawalisemi sana wanapotaka uchukue ile inayopanda.

Inayopanda, kwa asilimia 4 hiyohiyo, kinga inaongezeka 4 na ada 6. Mwaka mmoja huoni kitu, ada inatoka elfu 40 inaenda elfu 42 na 400. Miaka 10 kinga imefika milioni 29 na nusu hivi, ada elfu 71 na ushee. Miaka 20 kinga inakaribia milioni 44, ada laki na elfu 28! Ukiigeuza kwa hela ya leo hiyo kinga ni milioni 20 zako zilezile, ila ada imekuwa elfu 58 na nusu, yaani imekuzidi kweli kweli na sio kwa macho tu.

Kwanini? Kwasababu kile kipande kinachoongezwa kila mwaka unauziwa kwa umri wa mwaka huo. Milioni 20 za kwanza ulizinunua na miaka 34, nyongeza ya mwaka wa 15 unainunua una 49, na mtu wa 49 bima yake ghali. Mara moja na nusu ni njia yao ya kulipia hilo, Uingereza pia wapo wanaotumia kipimo hichohicho. Unachopata badala yake ni kwamba nyongeza kwa kawaida inakuja bila kupimwa afya upya. We ukija kupata sukari au presha ukiwa na 45 halafu uende kutafuta bima mpya ya kujazia, utaona bei watakayokutajia, kama watakutajia.

Na hicho kikomo cha 10 kiangalie. Miaka ya karibuni mfumuko wetu umekuwa ukicheza 3 hadi 4 na kidogo, hakikugusi. Ila Desemba 2011 ulikaribia asilimia 20, mwaka wa namna hiyo bei zinapanda kwa 20, kinga yako kwa 10, na ada inapanda 15. Muulize pia wanatumia takwimu za mwezi gani za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ukikataa nyongeza mwaka mmoja inakuwaje, mana ipo mikataba ukikataa mara kadhaa mfululizo haki ya kupandisha inakufa. Akijibu kwa mdomo mwambie akuonyeshe ilipoandikwa.

Mi nakuonaje? Una mtoto wa chekechea, miaka 20 ni mingi, ningependa ile inayopanda. Ila hela yako inafata meli, na bima ya namna hii isiyo na akiba ndani yake ukishindwa kulipa inakatika, miaka yako yote ya kulipa imeenda na maji. Kwaiyo anza chini, milioni 15 kwa ada kama elfu 30, ipande, na ule mwaka bandari ikilala ukatae nyongeza. Afadhali hivyo kuliko milioni 20 itakayokufia mwaka wa sita.

SWALI: Anti, mi mwalimu wa Muheza, nimechukua mkopo benki na wamenikatia bima ya mkopo, ile inayolipa deni nikifa. Na mimi niombe ipande na mfumuko?

JIBU: Hapana mwalimu, usijitafutie gharama. Deni la shilingi halipandi kwasababu mchele umepanda, tena kila mwezi linapungua, na kinga ya mkopo kawaida inapungua nalo. Mfumuko hapo unamuuma benki. Kama unataka watoto wabaki na kitu ukiondoka, hiyo ni bima nyingine kabisa, soma hapo juu nilivyomjibu kijana wa Makorora.