Kuhusu kuta za jengo la Monadnock, Chicago

Ndugu, umeuliza kwa nini jengo la Monadnock lina kuta nene mno upande wa kaskazini ilhali za upande wa kusini ni nyembamba. Sababu ni kwamba nusu hizo mbili zilijengwa kwa nyakati na mbinu tofauti.

Nusu ya kaskazini, iliyosanifiwa na John Root wa kampuni ya Burnham na Root na kukamilika mwaka 1891, ina ghorofa 16, na kuta zake za nje za matofali ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito; ndiyo maana chini kabisa unene wake unafikia takriban mita 1.8, kisha unapungua kadiri ukuta unavyopanda. Ukiutazama kwa pembeni utaona matofali yamejipinda taratibu kuingia ndani karibu na ghorofa ya pili, na juu kabisa yanachomoza tena nje, bila nakshi yoyote. Peter Brooks, mwekezaji wa Boston aliyegharamia jengo hilo, hakutaka mapambo ya gharama. Kwa maoni yangu, ubahili huo (tuuite hivyo) ndio uliolipatia jengo uzuri wake.

Nusu ya kusini, kazi ya Holabird na Roche, ilikamilika mwaka 1893, na humo mzigo unabebwa na fremu ya chuma, matofali yakiwa vazi tu. Ukuta mnene hula nafasi ambayo ingepangishwa, tena ni mzito: kwenye udongo laini wa Chicago, nusu ya kaskazini ilititia kwa takriban nusu mita.