Posta ya vifaa vya kupikia bia nyumbani: angalia uzito kabla ya bei

Mkuu, umeuliza kama uagize mtandaoni au uende duka la mjini. Uko Uingereza, unataka kupika bia yako ya kwanza ya lita 23, na posta ya pauni 8 imekukatisha tamaa. Ushauri wangu ni kwamba usishindanishe duka na duka. Chukua kila kitu kwenye orodha yako uangalie posta inakiongezea kiasi gani. Vitu vizito na vitu vikubwa huumizwa sana na posta, vyepesi karibu haviguswi.

Anza na kimea, maana ndicho kinachobeba uzito. Lita 23 za bia yenye kilevi cha asilimia 4.5 hivi zinataka kilo 4.5 hadi 5 za kimea (shayiri iliyooteshwa na kukaushwa) cha kawaida kama kile kiitwacho Maris Otter. Pauni 8 kwa kilo 5 ni pauni 1.60 juu ya kila kilo. Pauni 8 hizo hizo kwa gunia la kilo 25 ni peni 32 tu kwa kilo. Kampuni nyingi za vifurushi hubeba hadi kilo 30 kwa kifurushi kimoja, kwa hiyo ukiagiza gunia bado una nafasi ya kilo tatu au nne ndani ya nauli ile ile. Hapo ndipo pa kuongeza vimea vya rangi na ladha, gramu 500 za hiki na kilo moja ya kile, ambavyo ukiviagiza peke yake vinakuwa ghali mno.

Lakini gunia lina masharti yake. Kimea kizima hukaa kama mwaka mahali pakavu, ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana. Kilichosagwa kihesabie miezi mitatu, kwani hewa na unyevu huingia haraka na harufu yake nzuri hupotea. Kama huna kinu na unapika mara moja kwa mwezi, gunia lililosagwa litachakaa kabla hujalimaliza, na nafuu ya posta umeitupa. Tafuta muuzaji anayesaga na kufunga kilo tano tano kwenye mifuko iliyofyonzwa hewa. Ukinunua kinu, weka nafasi kati ya roli kwenye milimita 1.1 hivi. Ukipanua sana unapata sukari kidogo, ukibana sana unga unaziba na maji hayachujiki.

Kwa kilo 5 za mara moja, duka la mjini linashinda, ila hesabu nauli pia. Nje ya London, nauli ya mabasi mengi ya England ina kikomo cha pauni 3 kwa safari tangu Januari 2025. Kwenda na kurudi ni pauni 6, karibu sawa na posta. Faida inabaki tu kama ulikuwa unapita huko kwa shughuli nyingine. Na maduka yenyewe yamepungua: Wilko, waliokuwa wanauza vifaa hivi mitaani, walifunga maduka yao mwaka 2023. Uliza pia kiwanda kidogo cha bia kilicho karibu nawe. Wapo wanaokubali kukuuzia kimea, na hata kukupa chachu mbichi ukienda na chupa safi.

Chachu kavu na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), hivyo agiza mtandaoni bila wasiwasi. Pakiti ya chachu ni gramu 11 hivi. Hopsi za punje gramu 100 ukizilaza bapa zinapita kama barua kubwa ya Royal Mail, ambayo unene wake hauruhusiwi kuzidi sentimita 2.5. Hopsi za majani huvimba, zikavuka kipimo hicho na kutozwa kama kifurushi, kwa hiyo chagua za punje. Zikifika zitie friza. Chachu ya maji ni habari nyingine. Wakati wa joto usiiagize Alhamisi, italala ghalani wikendi nzima na kufika imedhoofika. Agiza ili itumwe Jumatatu.

Ndoo ya kuchachushia ndiyo inayowashangaza wengi. Haifiki hata kilo mbili, lakini kampuni nyingi huangalia ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la 36 × 36 × 42 linahesabiwa kama kilo 10.9. Mwombe muuzaji ajaze kimea na vifaa vingine ndani ya ndoo, uache kulipia hewa. Mitungi ya kioo ya lita 4.5 nunua kwa mkono, njiani huvunjika.

Kuna vitu vya kuondoa kabisa kwenye kikapu. Sukari ya kutia gesi kwenye chupa ni ile ya dukani, gramu 120 hadi 140 kwa lita 23. Kwa kuua vijidudu, jiki isiyo na manukato inatosha ukisuuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Isipotoka yote bia inanuka dawa. Usiichanganye kamwe na siki wala asidi yoyote, inatoa gesi ya sumu, na usiiloweke kwenye chuma cha pua.

Kile kiwango cha kupata posta ya bure kinawaponza wengi. Ukipungukiwa pauni 10, usiongeze hopsi ambazo hutazipika mwaka huu. Ongeza vifuniko vya chupa, haidromita (kipima sukari ya bia) ya akiba, au vidonge vya Campden. Nusu kidonge huondoa klorini kwenye maji yote ya kupikia bia mara moja.

Halafu angalia anwani yako. Kama posikodi inaanza na BT (Ireland Kaskazini), au IV, KW, HS au ZE (kaskazini na visiwa vya Scotland), wauzaji wengi huongeza nauli na mara nyingine hata posta ya bure haikuhusu, kwa hiyo iandike posikodi kwanza ndipo ujaze kikapu.