Kabla ya Kuiamini Idadi ya Watu wa Kijiji: Niliyojifunza Abyaneh

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Qom, nchini Iran, ndugu yangu mmoja wa Tanga aliniomba nimwandikie maelezo mafupi ya kijiji chochote cha Wairani, nami nikachagua Abyaneh, kijiji cha nyumba za udongo mwekundu kilichopo kwenye miteremko ya mlima Karkas, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huzungumza Kiajemi na wageni, ingawa baina yao wana lahaja yao ya kale. Nilidhani idadi ya watu ingekuwa sehemu nyepesi kuliko zote, kumbe ndiyo iliyonitoa jasho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kalenda. Jedwali la sensa lilionyesha mwaka 1385, na kwa mazoea ya madrasa nikauhesabu kuwa wa Hijria ya mwezi, nikapata takriban 1965, nikamwandikia ndugu yangu kwamba takwimu zimechakaa. Wairani hufuata Hijria ya jua, na 1385 yao ilianza Machi 2006. Nilijionea haya, kwa kuwa sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walihesabu misimu ya pepo na ya kilimo kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, hatukupaswa kuushangaa mwaka wa jua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na 1385, 1390 au 1395 katika majedwali hayo, elewa kwamba ni sensa za 2006, 2011 na 2016. Jihadhari pia na neno «abadi», ambalo kwao halina maana ya milele, bali ni mahali palipo na makazi. Baadhi ya hizo abadi zina kaya chache mno hata idadi ya wakazi wake haichapishwi, na hilo lisikufanye uandike kwamba hapana mtu.

Sensa ya 2006 iliihesabu Abyaneh kuwa na watu 305 katika kaya 160. Nilipofika huko Ijumaa moja ya kiangazi nikakuta vichochoro vimejaa watu, nilishawishika kwamba makarani walikuwa wamelala. Nikamwuliza bibi mmoja aliyejifunga kitambaa cheupe chenye maua, kama wavaavyo wanawake wa pale, kijiji kina watu wangapi. Badala ya kunijibu, naye akaniuliza: wakati wa joto au wakati wa baridi?

Nilirudi mwezi wa Dey, yaani kati ya Desemba na Januari, theluji ikiwa imetanda mapaani, nikaelewa. Wengi niliowaona awali walikuwa watalii, na wengine ni wazaliwa wa Abyaneh wanaoishi Tehran au Kashan, ambao huja kufungua nyumba za wazazi wao hali ya hewa inapokuwa nzuri. Sensa ile ilifanyika mwezi wa Aban, yaani kati ya Oktoba na Novemba, baridi ikianza kubisha hodi. Meymand, kijiji cha mapango katika mkoa wa Kerman kilichoingizwa mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mambo ni kinyume chake: wafugaji wake huishi malishoni majira mengine na kurudi mapangoni majira ya baridi. Ukivilinganisha vijiji hivi viwili kwa idadi pekee, utakuwa umelinganisha majira badala ya watu.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usiache kuigawa idadi ya watu kwa idadi ya kaya. Watu 305 kwa kaya 160 hawafiki hata wawili kwa kila kaya, na hesabu hiyo ndogo ilinieleza kile ambacho macho yangu yalikosa kukiona ile Ijumaa: nyumba za mzee na mkewe, au za mjane peke yake, ambazo watoto wamekwisha kuhamia mjini. Yule bibi alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Dey nilimkuta akiota moto, na milango mitatu iliyopakana na wake ilikuwa na kufuli.