Uliza Fundi: Wembe unang'aa kama kioo lakini unavuta ndevu

*Fundi, habari ya Kampala? Mimi niko Arua, nina kasaluni kadogo hapa karibu na soko. Babu yetu alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, alipofariki tukakuta kwenye sanduku lake wembe wa kukunja, ile ya zamani, umeandikwa Sheffield kwenye chuma. Nimenunua jiwe la namba 8000 kwa jamaa alielitoa Dubai, nikanoa siku tatu mpaka wembe unang'aa najiona uso, lakini nikiweka kwenye shavu unavuta ndevu mpaka machozi yananitoka. Jiwe ni feki ama ni mimi? – Kinyozi, Arua*

Pole sana kinyozi. Jiwe halina kosa na wembe wa mzee hauna kosa, shida ni kwamba umeanzia mwisho. Namba ya jiwe ikiwa kubwa, chembe zake ni laini zaidi, kwa hiyo 8000 kazi yake ni kung'arisha, na kung'aa na kukata hazilali kitanda kimoja. Wembe uliokaa sandukuni miaka yote hiyo, pale mbele kabisa makali yameliwa na kutu au yamechoka, yani ukichukua ile lenzi ya fundi saa ukaangalia utaona upande wa kushoto na wa kulia havikutani, katikati kumebaki kaupana kadogo kanakometa kama uzi. Hako ndio kanavuta ndevu zako. Sasa 8000 inakula chuma kidogo mno, kwa hiyo siku tatu zote umekuwa unaosha mbavu tu, mbele hujafika.

Rudi kwenye 1000. Kazi yote iko pale, hizo namba za juu ni kusafisha tu nyuma ya 1000. Paka maka peni nyeusi kwenye ukingo pande zote mbili, pitisha kwenye jiwe lenye maji mara tano hivi, alafu angalia: wino ukiwa bado uko pale mbele kabisa ujue jiwe haligusi makali, endelea. Na ulaze wembe kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, sababu aliyeutengeneza alishakupimia engo kwa unene wa ule mgongo, wewe huna haja ya kupima kitu. Ukiinua mgongo kidogo kama unanoa kisu cha matoke, umeshaharibu. Makali yatangulie mbele, ukifika mwisho wa jiwe geuza juu ya mgongo, urudi. Kama jiwe ni jembamba kuliko wembe, sukuma huku unavuta kwa pembeni, toka kisigino mpaka ncha, la sivyo katikati patanoleka na ncha itabaki kama kijiko.

Utajua 1000 imeisha ukikata vinywele vya mkono bila kulazimisha, tena kwa urefu wote wa wembe, sio katikati peke yake. Kabla ya hapo usiguse jiwe lingine hata kama unaona uvivu, na najua utaona uvivu maana inaweza kula saa nzima au mbili.

Baada ya hapo ni kama kushuka mlima. Unaenda 4000 au 5000 mpaka mikwaruzo ya 1000 ipotee, alafu hiyo 8000 yako, na ukibahatika kupata 12000 ndio unapata ule ulaini wa kweli, kwa sababu chembe zake ni kama maikroni 1 hivi (milimita moja ukiigawa mara elfu) wakati unywele wa mtu ni kati ya 50 na 100. Huku juu mkono hauna kazi, acha uzito wa wembe ufanye. Mimi mwenyewe wa kwanza niliunolea Katwe kwa hasira, nikakandamiza kwenye jiwe la mwisho nikidhani ndio namaliza haraka, makali yakajikunja, nikaanza upya toka 1000, na bosi wangu ananiangalia tu anacheka.

Kitu ambacho watu hawaambiwi: jiwe lenyewe lazima liwe sawa. Hata jipya toka dukani mara nyingi limepinda kidogo. Chora mistari ya penseli juu yake, weka karatasi ya msasa ya maji kwenye kipande cha kioo cha dirisha, mwagia maji, sugua jiwe mpaka mistari yote ifutike. Ikifutika pembeni tu ina maana katikati pana shimo, na shimo hilo linahamia kwenye wembe wako.

Mwisho ni ngozi. Mkanda wa ngozi safi, uvute ukaze, hapa sasa mgongo ndio unatangulia na makali yanafuata, ukikosea utakata mkanda na makali yote yataenda. Mara 40 au 50 zinatosha. Mkanda ukilegea makali yanakuwa mviringo, kwa hiyo funga kwenye msumari imara, sio kwenye mlango unaofunguliwa na watoto.

Na banange, wembe huo ni wa kidevu chako peke yako! Mteja asiguswe nao. Damu kidogo inaweza kubaki kwenye wembe usiione kwa macho, na huwezi kuuloweka kwenye dawa ya klorini kwa sababu chuma cha zamani kitaota kutu palepale. Kwa wateja tumia kile kishikio cha kuchomeka nusu ya wembe wa kutupa, kila mtu mpya na wembe mpya, aone ukiufungua kwenye karatasi.

*Mzee, wangu unakata vizuri sana mpaka shavu ni kama la mtoto, lakini siku ya pili natoka vipele shingoni. Ninoe zaidi? – Msomaji, Jinja*

Hapana, acha kunoa. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata chini sana zinarudi kuingia ndani ya ngozi, na hivyo ndio vipele. Nyoa kufuata nywele zinakoelekea, usirudi kinyume, usivute ngozi sana, na ubakize kakivuli kidogo. Shavu la mtoto waachie watoto.

*Nakaa Entebbe karibu na ziwa, kila nikifungua wembe nakuta madoa ya kutu. – Msomaji, Entebbe*

Usiuache bafuni. Ukimaliza kunyoa ukaushe mpaka kwenye kile kibawaba cha mpini ambako maji yanajificha, pitisha kwenye ngozi mara kumi, paka tone la mafuta ya cherehani, na uweke chumbani kwenye kitambaa kikavu.