Kuogopa kuongea mbele za watu: jibu kwa mdogo wangu wa mwaka wa pili

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Umesema jumuiya yenu imekupangia mawaidha ya dakika kumi Ijumaa baada ya Isha, mbele ya dada wenzako, umeshaandika kurasa nne, na kila ukizisoma kwa sauti mikono inatetemeka. Mimi nimesoma chuo hapo hapo Mtwara, kozi ya ualimu, sasa nafundisha sekondari huku Lindi. Hilo lilinipata, nakueleza nilivyopita.

Kwanza ziweke pembeni hizo kurasa nne. Mimi nilikariri tatu kutoka kwenye rekodi ya sheikh mmoja wa Dar, hadi pale anapopandisha sauti na mimi nikapanga kupandisha. Siku ya siku nikatoa salamu, nikaanza aya, ikakatika katikati. Dada mmoja akanimalizia kwa sauti ya chini, kama tulivyokuwa tukimaliziana madrasa. Baada ya hapo sikukumbuka neno hata moja. Yalikuwa maneno ya mtu mwingine, na yalipokatika sikuwa na pa kuyashikia. Nikaketi, na kwa muhula mzima nikawa nakuja kwenye darsa nakaa karibu na mlango.

Hofu yangu ilikuwa na mzizi mwingine ambao nadhani na wewe unao, maana umegusia "lafudhi". Nimelelewa na bibi anayeongea Kimakonde. Kwetu ra na lamu zinabadilishana: nikitaka kusema "kura" linatoka "kula", "habari" inakuwa "habali". Darasani walikuwa wanacheka. Aliyenifungua ni dada wa mwaka wa tatu. Siku moja alinisikiliza nikisoma Surat Ar-Rahman, kisha akaniuliza: "Mbona hapa ra yako imenyooka?" Ni kweli. Maalimu wetu wa madrasa, nikiwa mtoto, alikuwa ananirudisha aya moja mara kumi mpaka ncha ya ulimi ikae mahali pake. Ulimi ulikuwa unajua tangu zamani, ila nilikuwa nauacha msikitini nikienda kuongea Kiswahili. Tangu hapo maneno yanayonisumbua nikawa nayaandika, nayasoma polepole kwa makhraj ileile, yaani mahali sauti ya herufi inapotokea, kila siku baada ya Alfajiri. Miezi miwili. Ukiwa umesoma tajwidi, kanuni za kusoma Qur'ani kwa matamshi sahihi, zoezi hilo unalo tayari.

Na ile dua ya Nabii Musa katika Surat Taha, usiisome kama hirizi ya kuingilia jukwaani. Itazame anachoomba: fundo la ulimi wake lifunguliwe wapate kufahamu maneno yake. Kisha akaomba apewe ndugu yake Harun, na katika Al-Qasas anasema wazi kwamba Harun ni fasaha kuliko yeye. Nabii aliomba mtu wa kusimama naye! Basi na wewe mtafute mmoja, akae mstari wa mbele, umtazame yeye.

Sisi tulikuwa dada saba, Jumamosi baada ya Asr, chini ya mwembe nyuma ya bweni. Tunaokota karatasi yenye mada, deni, jirani, kusengenya, halafu unaongea dakika mbili bila kusoma. Mmoja anashika saa ya simu. Mwingine ana korosho mbichi na kopo la maziwa: kila ukisema "yaani" au "eee" anatupia moja, unaisikia inavyogonga. Mara ya kwanza nilipata 17. Mkusanyiko huo ulinisaidia kuliko semina yoyote, kwa sababu hakuna aliyenisifu bure.

Sehemu moja tu shika karatasi na usome: aya na hadithi. Hapo usijitie ujasiri. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni, kwa hiyo neno usilokuwa na uhakika nalo liache kabisa, hata kama ni tamu na kila mtu analituma kwenye magrupu.

Dakika kumi ni nyingi. Waombe tano. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Ammar bin Yasir kwamba mtu kurefusha swala na kufupisha khutba ni alama ya ufahamu wake. Chagua jambo moja, litolee mfano wa kwenu. Nilipozungumzia deni mara ya pili nilisimulia tu duka la mtaani kwetu na daftari lake la mali kauli, watu wanavyosubiri msimu wa korosho walipe, na wengine wanavyobadili njia wasipite pale pesa ikishaingia. Dada wakaacha simu.

Mikono bado inanitetemeka, mpaka leo naishika chaki kwanza. Darasani wanafunzi 60 hawajui.

Leo ni Jumanne. Kesho tafuta dada wawili na kopo. Ijumaa usiku, in shaa Allah, rudi utuambie zilikuwa korosho ngapi.