Tokyo Monogatari haijakugusa? Jaribu kuanzia mezani

Umeuliza kama kuna kitu hukukielewa, maana filamu ya Kijapani Tokyo Monogatari (1953) ya mwongozaji Yasujiro Ozu ilishika nafasi ya 1 kwenye kura ya waongozaji ya Sight & Sound, jarida la filamu la Uingereza, mwaka 2012, na wewe imekuacha mkavu. Hapana, umeelewa vizuri. Ozu anayaruka makusudi yale matukio ambayo filamu za familia huyategemea. Safari ya treni ya wazazi wazee kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao hatuioni. Mama anaugua njiani wakirudi, nasi habari hiyo tunaisikia tu kwenye maongezi. Ukingojea tukio kwa zaidi ya saa mbili, lazima uchoke.

Kamera nayo iko chini, usawa wa mtu aliyeketi kwenye mkeka, na ni nadra sana kusogea. Hivyo mzigo wote unabaki kwenye nyuso na mikono ya waigizaji, na kwenye skrini ya simu hivyo ndivyo hupotea kwanza.

Ukitaka kuipa nafasi nyingine, usiirudie yote. Nenda kwenye mlo wa baada ya mazishi ya mama. Shige, binti aliyemlilia mama yake kwa kwikwi, sasa anaulizia nguo za marehemu ili abaki nazo kama kumbukumbu. Hakuna mezani anayemkemea. Kisha endelea hadi baba anapompa Noriko, mke wa mwanawe aliyekufa vitani, saa ya marehemu mkewe. Hapo pasipokugusa, achana nayo bila wasiwasi.