Mama hapandi ndege: kupanga safari ndefu ya meli na mzazi mzee

Mzee akishasema hapandi ndege tena, acha kubishana naye. Damu ilimganda mamangu mguuni baada ya safari ya kutoka Mombasa kuja London. Akalazwa, akapona, na tangu hapo ndege ni chombo cha watu wengine. Daktari alimweleza kwamba akivaa soksi za kubana na kutumia dawa anaweza kusafiri. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na msimamo wake ukabaki palepale. Tatizo ni kwamba mdogo wake, mama mdogo wetu, yuko New Jersey, na wote wawili wamekula chumvi nyingi.

Kwa anayeishi Uingereza, kuvuka Atlantiki kwa meli si jambo gumu kama linavyosikika. Queen Mary 2 hutoka Southampton ikaingia New York kwa usiku saba. Ni meli ya urefu wa mita 345, iko kazini tangu 2004, na iliundwa kwa ajili ya kukata bahari kuu. Asiye na jamaa upande wa pili, anayetaka matembezi tu, ana safari za kuondoka Southampton na kurudi Southampton: Madeira na visiwa vya Canary, au pwani ya Norway, bila kukanyaga uwanja wa ndege.

Wenye wazazi Mombasa au Dar es Salaam huniuliza kama nao wanaweza kuletwa Ulaya kwa njia hiyo. Kwa kawaida hapana. Meli kubwa zinazoonekana Mombasa na Zanzibar siku hizi ni za watalii walio katika mzunguko wao. Zama za Karanja na Kampala, meli za kampuni ya British India zilizokuwa zikichukua abiria kati ya Bombay na pwani yetu, zilikwisha miaka ya 1970. Mama anaikumbuka Karanja ikiwa Kilindini, na nadhani kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomfanya akubali haraka nilipotaja meli. Kwa hiyo ninayoandika hapa yanamfaa zaidi mwenye mzazi aliye tayari karibu na bandari ya abiria.

Watu huanza na bei na tarehe. Mimi nasema anza na choo. Mzee wako huamka mara ngapi usiku? Akiamka huhitaji kushika nini? Ameshaanguka karibuni bila kuwaambia? Haya ndiyo yatakayoamua meli, kabini na msimu, na ndiyo ambayo wazee wetu huficha kwa sababu ya staha. Mimi ni mtoto wa kiume. Yapo ambayo mamangu hawezi kunijibu hata nikiapa. Dada ndiye aliyeuliza, wakiwa wawili jikoni, na akarudi na habari ambazo sisi wengine hatukuwa nazo: kwamba ameteleza bafuni, na kwamba njiani hupunguza kunywa maji ili asihangaike kutafuta choo. Hilo la maji ni hatari kwa mtu aliyewahi kuganda damu. Tafuta katika familia yako nani anaweza kuambiwa ukweli, umtume huyo.

Majibu yakishapatikana, mengi yanajipanga. Bafu za kabini nyingi ni finyu na zina kizingiti mlangoni. Mtu mwenye magoti mabovu anahitaji kabini ya walemavu, yenye mlango mpana, vishikio ukutani na mahali pa kukaa akioga. Kabini hizo ni chache katika kila meli na huchukuliwa mapema sana. Ukianza kutafuta mwaka mzima kabla, hujafanya haraka. Kama mzee anatumia kiti cha magurudumu, uliza upana wa mlango kwa sentimita, kisha pima kiti. Usiridhike na jibu la "kitaingia tu".

Msimnunulie kabini ya ndani isiyo na dirisha kwa kuwa ni rahisi. Ukizima taa mle, saa sita mchana na saa sita usiku ni giza moja. Kijana hulala vizuri. Mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kuyumba huamka hajui yuko wapi, akatafuta mlango wa chumbani kwake nyumbani. Dirisha linatosha, roshani nzuri, lakini mlango wake ni mzito upepo ukivuma na una kizingiti cha kujikwaa. Mahali je? Ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa upande wa kabini wahenga walikuwa sahihi kabisa: tezi ni nyuma ya meli, omo ni mbele, ngama ni tumboni mwake. Katikati ya meli, deki za chini, ndipo panaposukasuka kidogo kuliko kwingine. Ongeza sharti la kuwa karibu na lifti, maana kutoka kabini ya mwisho hadi chumba cha kulia ni mwendo wa kweli kwa mtu wa mkongojo.

Kuhusu msimu sina maneno mengi. Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi huchafuka, na Ghuba ya Biscay njiani kwenda Canary haina subira na mtu. Tulichagua Mei. Vimbunga vya upande wa Marekani vina msimu wao, Juni hadi Novemba, ingawa manahodha huvikwepa.

Dawa za kichefuchefu cha bahari zinataka uangalifu. Vijana humeza tu. Kwa mzee, dawa kama haiosini (hyoscine) zinaweza kumletea usingizi mzito, kuchanganyikiwa na mkojo kuziba, na mzee mwenye usingizi kwenye sakafu inayoyumba ni mzee anayeanguka. Zungumza na daktari au mfamasia anayejua dawa zake nyingine zote. Mama alitegemea tangawizi, biskuti kavu na kukaa mahali anapoona upeo wa bahari.

Sasa jambo ambalo hakuna anayetaka kuliandika. Siku tunajadili bima, mama aliuliza bila kutetereka: "Nikifa humo, watanitupa baharini?" Dada akasema astaghfirullah, tubadilishe mazungumzo. Mimi niliona ni swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na mzee akiliuliza ajibiwe. Meli kubwa za abiria zina chumba baridi cha kuhifadhia maiti mpaka bandari. Hakuna anayetoswa bila ridhaa ya jamaa zake. Sharia nayo mama aliijua tangu chuo cha Kurani: nchi kavu ikiwa haifikiki na mwili unachelea kuharibika, maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, ndipo hushushwa baharini; mwili ukiweza kuhifadhika, husubiriwa nchi kavu. Akishajua kwamba atasubiri, alitulia, akaongeza wasia wake: akifia Marekani azikwe hukohuko, asizungushwe kwenye mabara. Kuanzia hapo tulijua bima ya aina gani tunaitaka.

Na bima ndiyo mahali pa kutokuwa bahili. Uliza kwa maandishi kama inahusu safari za meli, maana nyingi za kawaida haziihusu au zinataka nyongeza. Taja kila ugonjwa: sukari, presha, ile damu iliyoganda, hata ule ambao watu husema "huo ulikwisha zamani". Ugonjwa usiotajwa ni sababu mojawapo kubwa ya dai kukataliwa. Hakikisha kuna kusafirisha mgonjwa na kusafirisha au kuzika maiti. Zahanati ya meli ina daktari na wauguzi, ina oksijeni na vipimo vya moyo, ila ni ya binafsi na bili yake ni ya binafsi. Ile kadi ya afya ya GHIC ya wakazi wa Uingereza husaidia katika hospitali za serikali mkishuka Hispania au Ureno. Ndani ya meli haina kazi.

Kisha jipime kwa ukweli. Katikati ya Atlantiki helikopta haifiki. Zahanati ya meli haifanyi upasuaji mkubwa. Mzee ambaye moyo wake bado hauna utulivu, au anayeingia hospitali kila baada ya wiki chache, simshauri kuvuka bahari hata kama ana hamu. Mpeleke Norway, ambako meli hufuata pwani na bandari haziko mbali. Najua maneno haya hayapendezi kwa mtu aliyeahidi.

Kwa safari za mzunguko, angalia kila bandari kama meli inafunga gatini au inatia nanga nje na watu kushushwa kwa mashua. Funchal ya Madeira na Las Palmas ya Canary ni gatini. St Peter Port ya Guernsey ni mashua, na kuingia kwenye mashua inayopanda na kushuka kwa mawimbi si kazi ya magoti ya miaka themanini. Bandari nyingi katika ratiba hupendeza kwenye picha. Mzee hutaka siku za bahari tupu, alale, ale, akae dirishani.

Makaratasi nayapita haraka, isipokuwa moja. Raia wa Uingereza anayeingia Marekani kwa meli bado anahitaji ESTA, kibali cha mtandaoni cha kuingia bila viza. Lakini aliyewahi kufika Yemen, Somalia, Sudan au Iran tangu Machi 2011 kwa kawaida hapati ESTA, lazima aombe viza ubalozini. Familia zetu za pwani zina jamaa Yemen na Somalia. Mtu huenda harusi, akasahau. Uliza mapema, maana foleni ya viza inaweza kuwa ndefu. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza kwa vyovyote, na kwa meli za Canary anahitaji ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya.

Halali iombwe wakati wa kukata tiketi, ikumbushwe wiki kadhaa kabla, na siku ya kwanza uzungumze na msimamizi wa chumba cha kulia uso kwa uso. Mama alibeba pilipili yake ya chupa na tambi chache, kwa tahadhari. Kuhusu sala: runinga ya kabini huonyesha ramani na uelekeo wa meli. Katikati ya Atlantiki kibla iko takriban mashariki, hivyo ukienda Marekani unaelekea tezi, na ukirudi unaelekea omo. Usiku wa mavazi rasmi usimtie hofu yeyote. Buibui zuri au dira la hariri linapita popote, na mama alipewa sifa nyingi kuliko wenye magauni.

Saa zinarudishwa nyuma, saa moja kwa usiku, usiku tano kati ya saba mkienda magharibi. Kwa mzee ni raha, analala zaidi. Kurudi ni kinyume: saa hizo tano zinaibwa moja moja. Mpange na daktari muda wa vidonge kabla hamjaondoka, hasa insulini, na andikeni kwenye karatasi kubwa ya kubandika kioo cha bafuni. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku huchukuliwa na wapagazi bandarini na yanaweza kufika kabini jioni.

Omba kiti cha magurudumu cha bandarini hata kama mzee anatembea. Mama alikataa kwa hasira nilipokitaja kama msaada wa miguu. Nilipomwambia kuwa wenye viti hawapangi foleni, alikaa. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kila mlo ni lazima: virusi vya tumbo huenea haraka melini, na jeli ya spiriti haiviui vizuri.

Bei ya kabini huhesabiwa kwa watu wawili; mzee akilala peke yake hulipa karibu ya wawili. Mama alilala na dada, mimi nikapata kijichumba cha ndani, giza tupu. Ndugu wanaochangia wajue pia kwamba katika meli nyingi bahashishi hukatwa kila siku kwa kila mtu, na intaneti inalipiwa.

Tiketi ya kurudi nunueni pamoja na ya kwenda. Meli hazivuki kila siku, kabini za walemavu za kurudi huisha kama za kwenda, na mzee asiyepanda ndege hana njia nyingine ya kutoka. ESTA nayo inampa siku 90, basi. Mama mdogo alitaka dada yake abaki mpaka majani yaanze kuanguka. Nilimwonyesha tarehe kwenye tiketi, akasema tarehe za tiketi hubadilishwa, na mama, aliyekuwa akinywa chai pale, hakuninusuru.